Nyasi Zilizonyimwa Moto

Siku ya tatu ya msiba wa Kasuba, Mukuka alileta nyama.

Aliibeba begani, paja zima la tohe, yule swala wa mbugani, lililofungwa kwa kamba ya gome, akalitua mbele ya wanawake waliokuwa wakisonga ugali. "Poleni, mama zangu," alisema. "Msiba bila kitoweo ni mateso juu ya mateso." Wanawake wakapiga makofi ya kushukuru, na mmoja akaenda kutafuta kisu.

Ngosa, mke wa marehemu, alikuwa ndani amekaa kwenye mkeka, mlango uko wazi. Kutoka pale aliliona paja lile vizuri. Aliona manyoya ya upande mmoja yameungua hadi kwenye ngozi. Hakuhitaji kuambiwa. Tohe yule alikuwa ametoka katika moto uleule uliomuua mumewe.

Chakula kilipoiva, Chola, mke wa Mukuka, ndiye aliyemletea sahani. Chola alikuwa amelia siku tatu mfululizo, na hakuwa analia kwa kuigiza. Akakaa karibu naye, akamshika bega. "Kula, Bana Mumbi," alimwambia, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza kama kijiji kizima kilivyomwita. "Kula japo kidogo. Mwili ukianguka nani ataulea moyo?"

Ngosa alichukua kipande cha nyama. Akakitafuna polepole hadi kikaisha ladha, akakimeza. Chola alidhani njaa imemshinda. Haikuwa njaa. Ngosa alitaka kitu kile kishuke kikae tumboni mwake, asije akajisahau siku moja akamchekea Mukuka usoni kwa wema.

Kifo chenyewe kilikuja hivi. Ilikuwa Oktoba, mwezi wa jua kali kabla ya mvua, wakati mitondo, miti ya msitu wa miombo, inapotoa majani mapya mekundu na nondo wanapotaga mayai juu yake. Mayai hayo ndiyo yanayozaa mumpa, wale viwavi ambao kijiji huwala na kuwauza kila Desemba. Mtu mwenye akili hawashi moto Oktoba. Lakini Mukuka aliporudi kutoka Ndola, baada ya mgodi kupunguza watu, alirudi na bunduki na marafiki wa mjini wanaopenda nyama ya porini. Kila Oktoba aliwasha nyasi za mbuga upande mmoja, yeye na wageni wake wakasimama upande wa pili, na tohe na ndezi wakatoka wenyewe kuja kufa.

Mwaka ule moto haukuishia mbugani. Uliipanda miombo ya kilima cha Kashita. Kasuba alikuwa juu akikagua mizinga yake ya nyuki ya magome. Alipoona moshi alikimbia kushuka badala ya kukimbia kupanda, kwa sababu kazi ya moto ilikuwa yake. Chifu alikuwa amempa miaka kumi na minane nyuma. Akakata tawi, akaanza kuwasha moto wa kukutana na moto. Upepo ukageuka. Walimkuta kesho yake amelala kifudifudi chini ya mtondo, na mtondo wenyewe umekufa umesimama.

Shauri lilisikilizwa kwa mkuu wa kijiji, mzee Chisala. Chisala alikuwa mjomba wake Chola, na Mukuka alikuwa mkwe aliyejua kutunza wakwe.

"Moto hauna baba," Mukuka alisema, mikono ameifumbata kwa adabu. "Mukwai, mheshimiwa, aliyeuona mkono wangu ukiwasha aseme."

Wengi walikuwa wameuona. Lakini wengi pia walikuwa wamekula nyama yake, na mdomo uliojaa hausemi. Chisala alikohoa, akaamua kuwa ni ajali. Mukuka atoe mbuzi mmoja na kuku wawili kumpa mjane pole.

Ngosa alimpokea mbuzi. Akampa jina: Ajali. Tangu siku hiyo kila jioni kijiji kilisikia sauti yake ikipaa: "Ajali! Ajali, we mshenzi, toka shambani kwa watu!" Na kila iliposikika, wanaume waliokuwa wamekaa kwenye baraza la Chisala waliangalia vidole vya miguu yao.

Mwenye kovu usidhani kapoa.

Mvua zilipokwisha chifu alimtuma mjumbe wake kuuliza nani atachoma mbuga mwaka huo. Wanaume walikusanyika, wakatazamana. Ngosa alisimama nyuma.

"Mimi," alisema.

Wakacheka. Mzee mmoja, Lubaba, mwenye meno mawili na maneno elfu, alisema, "Mwanamke ashike moto wa nchi? Sisi tushike nini, mwiko?"

"Ukiweza kupika, shika," Ngosa alimjibu. "Lakini kwanza nijibu, baba. Nyasi za mbugani zinachomwa lini?"

"Zikikauka! Hata mtoto anajua."

"Basi wewe na mtoto mtaiua miombo pamoja. Zikikauka umeshachelewa. Kasuba alikuwa anachukua ukoka mmoja, anaukunja hivi. Ukivunjika ukoka mmoja na mwingine ukapinda tu, ndiyo siku yenyewe. Moto wa siku hiyo unatambaa kama kobe. Umande wa jioni ukija unaulaza. Unakula nyasi, unaiacha miti."

Mjumbe wa chifu aliuliza amejifunza wapi. Ngosa akasema alitembea nyuma ya mumewe miaka kumi na minane akibeba maji. Hakuna aliyecheka tena. Kazi akapewa.

Kasuba alikuwa amemfundisha mengi ambayo mle barazani hakuyasema. Siku moja alimchimbulia mche wa mtondo uliokuwa unafika magotini. Chini ya udongo mzizi wake ulikuwa mnene kama paja la mtu. "Unadhani huyu ni mtoto?" Kasuba alimwuliza. "Huyu ni mzee wa miaka ishirini. Kila mwaka anachipua, kila Oktoba moto unamkata. Anaanza upya. Mwache miaka minne bila moto mkali, utamkuta amekupita kichwa, na akikupita kichwa moto haumwezi tena." Kisha akaongeza, akifukia mzizi: "Lakini nyasi nazo hivyo hivyo. Usipozichoma, mwaka huu zinalalia za mwaka jana, za mwaka jana zinalalia za juzi. Siku zikiwaka, hakuna mtu wa kuzizima. Ukiwa na adui, mke wangu, usimchomee. Mwachie tu." Akacheka. Kasuba alikuwa mtu wa utani. Hakuwa na adui.

Juni ile ya kwanza Ngosa alitoka na wanawake sita na matawi mabichi. Walichoma mbuga vipande vipande, hapa leo, pale baada ya wiki, hadi bonde zima la Kashita likawa na mabaka meusi na ya njano kama ngozi ya fisi. Siku ya tisa walifika kwenye kipande cha Mukuka. Nyumba yake, ya matofali ya kuchoma na paa la nyasi, ilikuwa imesimama ukingoni mwa mbuga. Chini yake palikuwa na nyasi tupu hadi mtoni. Pembeni yake, ng'ambo ya njia ya miguu, nyasi zilipanda hadi kukutana na kilima, pale ambapo miombo ilikuwa imeungua na kubaki visiki na miche ya magotini.

Ngosa alikunja ukoka. Ulipinda nusu, ukavunjika nusu. Ilikuwa siku yenyewe.

"Tupumzike," aliwaambia wenzake. Na walipomaliza kunywa munkoyo, togwa lao la mahindi na mizizi, akawaambia, "Twendeni. Hapa tunapapita."

Mukuka aliwafuata mbio. "Shemeji! Shemeji, mbona kwangu umepitiliza? Kwangu hakuna moto?"

"Wewe si unauza nyasi za kuezekea?"

"Ninauza."

"Nikuchomee bidhaa yako halafu unishitaki kwa mjomba? Mbuzi ninaye mmoja tu wa kukulipa."

Mukuka alicheka hadi akajipiga mapaja. Aliona mjane ameanza kupoa. "Una akili, Bana Mumbi. Kweli una akili. Niachie hivyo hivyo, usiniguse!"

"Sikugusi," Ngosa alisema, na wanawake sita wakasikia.

Mwaka ule Mukuka alikata nyasi nzuri, ndefu, zilizonyooka, akawauzia watu waliokuwa wakijenga kambi ya wageni barabara kuu. Oktoba alikaa kimya, maana hakutaka kuunguza mtaji wake. Mwaka wa pili aliziuza tena, ingawa wanunuzi walilalamika kuwa zimechanganyika na mabua ya zamani. Mwaka wa tatu lori lilikuja, dereva akashuka, akazishika, akazitupa. "Hizi ni matandiko ya nguruwe," alisema, akaondoka na lori tupu.

Huku kwingine kote mambo yalikuwa yanageuka. Kwa kuwa mbuga ilichomwa mapema kila mwaka, Oktoba hapakuwa na cha kuungua, na miombo iliyopona ilibaki na majani yake. Mumpa walirudi. Wanawake waliotoka Kashita na ndoo moja sasa walitoka na tatu, na hata Lubaba mwenye meno mawili alisema hadharani kuwa tangu zamani alijua mwanamke yule ana mkono. Ngosa aliitikia sifa kwa kichwa. Walipomsifu, alikuwa anatazama kipande kimoja tu cha njano kilichobaki bondeni.

Maana hesabu yake ilikuwa hii. Tohe na ndezi wanataka pa kujificha. Kila Juni alipochoma, aliwaondolea kona moja ya maficho, na maficho pekee aliyoyaacha ni yale ya Mukuka. Na Ngosa alimjua Mukuka. Mtu yule hawezi kukaa Oktoba nyingi na bunduki inayokula vumbi na wageni wa mjini wakimpigia kelele. Nyasi zikishakosa soko, atawasha. Atawasha kwa mkono wake. Ngosa hakuwa na haja ya kufanya lolote ila kufanya kazi yake vizuri kila mahali, na kupumzika alipofika pale.

Juni ya mwaka wa nne Chola alimjia kisimani.

"Bana Mumbi, dada yangu, nina ombi. Mwaka huu tuchomee."

"Mumeo anasema nini?"

"Mume wangu! Yule ukimwambia nyumba inaungua atakuuliza kuna nyama? Nakuomba mimi. Zile nyasi zinanitisha. Nikifungua mlango asubuhi siioni mbuga, naona ukuta. Nimeota mara mbili."

Ngosa alijaza ndoo yake polepole. Mbele yake alikuwa na mwanamke aliyemshika bega siku ya msiba, na hakuna mwingine aliyefanya hivyo kwa moyo kama yeye. Alihisi neno "ndiyo" limefika kooni. Juu ya neno hilo kulikuwa na ladha ya moshi.

"Bado mbichi," alisema. "Zikipinda nitakuja."

"Utakuja kweli?"

"Nitakuja, mdogo wangu."

Nyasi zile zilikuwa kavu tangu mwaka juzi. Ngosa hakwenda.

Septemba alienda peke yake, bila kumwambia mtu, si upande wa nyumba bali upande wa juu, ng'ambo ya njia, ambako hakuwa amekanyaga miaka minne. Alitegemea kukuta nyasi. Alikuta miti. Ile miche ya magotini ilikuwa imesimama. Mitondo myembamba, mamia, yote imempita kichwa, mingine mara mbili ya kimo chake, na chini yake kivuli kilikuwa kimeanza kuziua nyasi. Majani mekundu yalikuwa yamechomoza. Aligeuza jani moja. Lilikuwa na mayai, yamepangwa kama shanga. Huu ulikuwa msitu wa Kasuba, ule uliokufa naye, umerudi wenyewe kwa sababu ya kunyimwa moto. Ulikuwa umelelewa na chuki ya Ngosa, na chuki hiyo haikujua kama inalea.

Alikaa chini. Kwa mara ya kwanza alimlilia mumewe bila watu. Kisha akapangusa uso, akapima kwa macho njia ya miguu iliyokata kati ya miti hii na nyasi zile za nyumba ya Mukuka. Upana wake ulikuwa hatua mbili. Alirudi tena kesho yake na jembe, na kesho kutwa, akaipanua hadi hatua tano. Waliomuuliza aliwaambia anasafisha njia ya kwenda kwenye viwavi.

Mukuka aliwasha Oktoba, siku ya kumi na saba, saa saba mchana. Wageni wake walikuwa wawili, na gari lao walikuwa wameliegesha mbali, barabarani. Aliwasha kutoka mtoni upande wa mashariki, kwa kuwa asubuhi yote upepo ulikuwa ukitoka huko na ungepeleka moto kando ya maji, mbali na nyumba. "Upepo huu naujua kama mke wangu," inasemekana aliwaambia. Lakini upepo wa mwezi ule hauna mwenyewe. Mchana jua likishachemsha ardhi huwa unageuka na kupanda kilima. Kasuba alilijua hilo. Ngosa alilijua.

Alikuwa akipura ulezi aliposikia sauti. Moshi ulikuja baadaye; kwanza ilikuja sauti, kama lori kubwa linalopanda mlima. Akaweka fimbo chini. Watu walikuwa wanakimbia kuelekea kwake na matawi mikononi, ishirini au zaidi, na mjumbe wa chifu akiwa mbele anahema.

"Mama, sema wewe! Tuanzie wapi?"

Walipofika, ndimi za moto zilikuwa juu kuliko nyumba. Nyasi za miaka minne ziliwaka kwa mlio, na vipande vinavyowaka viliruka mbele kama ndege. Mukuka alitoka ndani ya nyasi akikimbia, nyusi zimeungua, bunduki hana. Wageni wake hawakuonekana tena siku hiyo wala nyingine. Moto ulikuwa unapanda kwa upana, mkono wake wa kulia ukielekea nyumba, wa kushoto ukielekea ile miti michanga.

Kuukabili upande mmoja kulitaka watu wote. Hilo kila mtu aliliona. Ukiwasha moto wa kukutana nao kutoka uani kwa Mukuka, nyumba inaweza kupona, na miti inakwenda. Ukiwasha kutoka kwenye njia, miti inapona, na nyumba inakwenda.

Chola alikuwa ametoa watoto na mama yake mzee. Alikuwa amesimama na sufuria moja na redio, hajui kwa nini ameokoa redio. Alimkimbilia Ngosa, akamshika mikono yote miwili.

"Nyumba, dada! Waambie waje nyumbani!"

"Ndani kuna mtu?"

"Hakuna, lakini—"

"Mama yuko wapi?"

"Yuko pale. Dada, vitu vyetu vyote!"

Ngosa alimtazama. Nyuma ya bega la Chola alimwona Mukuka, amepiga magoti uani, anang'oa nyasi kwa mikono mitupu kama mwendawazimu, anapiga kelele, "Njooni! Mnangoja nini? Njooni huku!"

Alijitoa mikononi mwa Chola, bila kumsukuma.

"Njiani!" aliwapigia watu kelele. "Wote njiani! Washeni kutoka njiani kuelekea chini, msiruhusu kitu kivuke!"

Wakamfuata. Alikuwa mtu wa chifu, na miaka minne hakuwa amekosea. Waliwasha mstari mzima ukingoni mwa njia, moto wao ukavutwa na ule mkubwa, wakaupiga kwa matawi kila ulipojaribu kurudi nyuma, ngozi za mikono zikibabuka. Mioto miwili ilikutana hatua sitini mbele yao, ikainuka pamoja, ikafa kwa kukosa chakula. Hakuna mti hata mmoja uliopotea. Upande wa pili paa la Mukuka lilishika kona moja, kisha lote kwa mkupuo, na magunia ya mkaa wa kuuza aliyokuwa ameyapanga nyuma ya nyumba yaliwaka hadi kesho yake mchana.

Ngosa aliyatazama yakiwaka. Watu husema kisasi kikifika huwa hakina ladha. Chake kilikuwa nayo. Alilala usiku ule usingizi mzito, na siku nne zilizofuata chakula kilimpanda vizuri kuliko wakati wowote tangu awe mjane.

Shauri lilikaa kwa chifu mwenyewe safari hii. Mukuka alisimama, uso umevimba, akamnyooshea kidole.

"Huyu mwanamke amenichoma! Ameiacha sehemu yangu makusudi, miaka minne! Aliwachomea watu wote, mimi akaninyima! Aliweka nyasi zikusanyike ili niungue!"

Chifu akamgeukia Ngosa.

"Mukwai," Ngosa alisema, "ni kweli sikumchomea. Mwaka wa kwanza alinishukuru, akasema nisiguse. Wanawake sita walisikia. Mimi sina kosa la kuwasha. Ninasingiziwa kosa la kutowasha. Yeye tumwulize: tarehe kumi na saba, nani aliwasha?"

Mukuka alishusha kidole. Mzee Chisala alijikuna kisigino. Mle ndani hakuwepo mtu aliyekuwa amekula nyama ya moto ule, kwa sababu nyama haikupatikana. Mdomo mmoja ulisema, "Yeye." Kisha wa pili. Kisha barazani pote.

Chifu alimkataza kushika bunduki na kuwasha moto katika nchi yake. Aibu ilimaliza kazi iliyobaki. Kwao mwanamume ndiye anayehamia kijijini kwa mke, na mkwe asiye na nyumba, asiye na nyama, hana cha kumfanya akae. Kabla mvua hazijakolea Mukuka alipanda lori la mahindi kwenda Ndola. Hakuaga.

Chola hakwenda naye. Alijenga kibanda cha miti na udongo cha kukaa na mama yake na watoto, akaanza upya na ile sufuria moja.

Desemba chifu alifungua uvunaji. Kwa mara ya kwanza mumpa walikuwa wametapakaa hata kwenye ile mitondo michanga, wanene kama vidole gumba, na wanawake walisema hawajawahi kuvuna viwavi wakiwa wamesimama bila kukata tawi. Ngosa alivuna asubuhi nzima. Alipoinua macho alimwona Chola mti wa tatu kutoka pale, amechuchumaa, anakamua viwavi mmoja mmoja na kuwatupa ndooni.

Alimsogelea. Alikuwa ameshampelekea mkeka, chungu na debe la ulezi, na Chola alikuwa amevipokea vyote kwa mikono miwili.

"Juni nilikuomba," Chola alisema, bila kuinua kichwa.

"Uliniomba."

"Ukasema mbichi."

"Zilikuwa kavu."

Chola alikamua kiwavi, akakamua mwingine. Mikono yake ilikuwa ya kijani hadi kwenye viwiko. "Na siku ile ya moto. Ulitaka nyumba iungue?"

"Ndiyo."

"Yangu."

"Ya kwake."

"Ilikuwa yangu, Bana Mumbi. Matofali nilifinyanga mimi na mama. Yeye alileta milango tu."

Ngosa aliliachia tawi alilokuwa amelishika. Alikuwa ameitazama nyumba ile miaka minne na hakuwahi hata mara moja kuiita ya Chola. Upepo ulipita juu, majani yakatikisika, kiwavi mmoja akaanguka begani kwake. Hakumwondoa.

"Ungefanya tena?" Chola aliuliza.

Neno "hapana" lilikuwa jepesi, na lingemfurahisha mwenzake. Ngosa alilitafuta ndani yake kwa haki, hakulipata zima.

"Kwake yeye, ndiyo," alisema. "Kesho asubuhi. Kwako, sijui ningefanyaje. Sikuona njia ya kumfikia yeye bila kupita kwako, na sikuitafuta sana."

Chola aliinuka. Alifunika ndoo kwa majani, akakaza kitambaa cha kichwani. Hakuwa analia, wala hakuonekana mwenye hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa uzito wa mzigo ambao tayari anaubeba.

"Juni nitachoma pangu mwenyewe," alisema. "Utanionyesha mara moja jinsi ya kukunja ukoka. Baada ya hapo usije."

"Nitakuonyesha."

"Na ndoo hii usinisaidie kuinua."

Akaiinua mwenyewe, akajitwika, akapita katikati ya mitondo kuelekea kwa mama yake. Ngosa alimtazama hadi miti ilipomficha. Kisha akarudi kwenye mti wake, maana jua lilikuwa linapanda na viwavi walikuwa bado wengi.